Gari la Mbao la Kibaoni

Kibaoni, Ifakara
12 Julai 1954

Kwa mwenye gari la mbao,
Ilala, Dar es Salaam

Salamu. Hunijui, nami sikujui. Jina langu ni Ponsiano Likwelile, fundi wa magari hapa Kibaoni. Barua hii nimempa Hilari, dereva wa lori la mchele, ambaye huja huko kila akipata mzigo. Kwa mzigo unaweza kumwamini kabisa. Kwa maneno, mimi mwenyewe humwamini nusu.

Kuna gari ninalitengeneza. Ni Ford ya kabla ya vita, ile ambayo kuanzia kiti cha dereva kwenda nyuma ni mbao tupu, watu wanaiita boksibodi. Mkulima mmoja wa Kizungu alilitelekeza upande wa Mngeta, likakaa miaka chini ya banda la nyasi. Mchwa wamekula milango na sakafu, na mto ulipofurika maji yaliingia mpaka kwenye injini. Mbao hazinisumbui. Nimepata mvule kwa mchonga mitumbwi wa Lupiro, na milango miwili nimekwisha kuiunga. Kinachonisumbua ni chuma. Dinamo imekufa, pampu zote mbili za maji zimeoza, taa hakuna, vitasa hakuna, na distributa imepasuka. Distributa ya gari hili inafungwa mbele ya injini, haifanani na ya lori wala ya gari jingine. Nimeuliza Kilosa, nimeuliza Morogoro, sikupata.

Nimeambiwa kwamba uani kwako lipo gari la namna hiyo hiyo, lilivunjika giaboksi na halitembei tena. Kama ni kweli, na kama unakubali kuuza vipande, naomba unijibu. Nimeambiwa pia kwamba kifuniko cha injini yake hakifunguki kwa kuvutwa, sharti kwanza kipigwe ngumi upande wa kushoto. Nakueleza ili atakayefungua asikivunje.

Mwenye gari huku ni mfanyabiashara. Atalipa kwa mchele, na Hilari ataushusha mlangoni kwako.

Wako,
Fundi Ponsiano Likwelile


Ilala, Dar es Salaam
5 Agosti 1954

Fundi Ponsiano,

Barua yako imefika. Gari lipo, na aliye nalo ni mimi. Kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, lakini mvua hailifikii.

Nilimwita fundi wa jirani. Akapiga ngumi upande wa kushoto kama ulivyoandika, kifuniko kikafunguka. Akashangaa mtu wa bondeni huko amejuaje. Nami nikashangaa pamoja naye.

Hilari anakuletea dinamo na pampu moja ya maji. Pampu ya pili bolti zake zimeshika kutu, tumezimwagia mafuta ya taa, tunangoja zilegee. Vingine vitafuata. Sipendi kulivua gari lote kwa mara moja.

Niandikie jina la mwenye gari. Ninapouza kitu cha nyumbani kwangu napenda kujua kinakwenda kwa nani.

Kadija binti Salehe


Ilala, Dar es Salaam
6 Agosti 1954

Kwa kaka yangu Mbaruku bin Salehe, Bagamoyo

Shikamoo kaka. Shemeji yangu na watoto wote wasalimie. Nakuandikia wewe kwanza kabla habari hazijakufikia kwa njia nyingine. Sadallah yuko hai.

Unakumbuka alivyoondoka. Giaboksi ya gari ilivunjika, akasema anakwenda Ifakara kununua mchele, auze huku, anunue giaboksi nyingine, na kabla ya Ramadhani atakuwa amerudi. Hiyo ilikuwa mwaka wa hamsini na moja. Barua mbili zikaja, kisha kimya. Ulipokwenda kuwauliza wachuuzi wa mchele wakakwambia alivuka mto akapanda milima ya Mahenge, na baada ya hapo hawamjui. Tangu siku hiyo mimi si mke wala si mjane.

Sasa fundi mmoja wa Ifakara ananiandikia anataka vipande vya gari letu, kwa niaba ya tajiri asiyemtaja. Anajua giaboksi ilivunjika. Anajua kifuniko kinapigwa ngumi. Ngumi ile Sadallah aliipiga kila asubuhi, mpaka watoto wa jirani wakawa wanamwigiza. Hakuna mtu mwingine wa kumweleza fundi jambo hilo.

Fundi hajui kwamba nimejua, nami sitamwambia bado. Nitapeleka vipande kidogo kidogo. Nataka kuona Sadallah atamwachia mtu mwingine amsemee mpaka lini.

Tafadhali usije, wala usiende huko. Hili niachie.

Mdogo wako,
Kadija


Kibaoni, Ifakara
10 Septemba 1954

Bibi Kadija,

Asante. Dinamo na pampu zimefika salama, zimefungwa kwenye magunia kama mtu anavyofunga mtoto. Hilari alishusha mzigo mbele ya duka. Tajiri wangu alikaa kwenye benchi, akavichukua kimoja kimoja akavipapasa, akasema brashi za dinamo hiyo si zile za kiwandani, zimebadilishwa. Nikafungua nikaona ni kweli.

Kuhusu jina lake, ameniomba nisilitaje. Mimi ni fundi. Mteja akitaka hivyo nami nafuata, lakini sijazoea kazi ya namna hii na nisingependa unione mwongo.

Milango yote minne imekwisha. Sakafu nimepiga mbao za mninga, ni nzito lakini hazipindi. Nikilitazama kutoka nyuma linafanana na kabati la sakristia, lile la mavazi ya padri. Sasa naomba taa, vitasa, pampu ya pili na distributa. Bila hiyo ya mwisho moto hautafika kwenye plagi hata moja.

Mchele nimeuchagua mwenyewe. Ni ule wa Mngeta, unanukia.

Wako,
Fundi Ponsiano


Ilala, Dar es Salaam
16 Oktoba 1954

Fundi Ponsiano,

Mchele ulinukia kweli. Majirani walikuja kuuliza nimepata wapi, nikawaambia umetoka mashambani.

Nakuletea taa mbili, vitasa vya milango na ile pampu iliyobaki. Kitasa cha mlango wa nyuma ni kigumu. Usikitie nguvu, kiinue kwanza ndipo ukizungushe. Labda hilo nalo umekwisha kuambiwa.

Jina sitakuuliza tena. Lakini gari hilo lina viti vingi, na mtu wa peke yake hahitaji viti vingi. Anaishi na nani? Niandikie unachokiona kwa macho yako, hilo si jina.

Distributa bado ipo mahali pake.

Kadija binti Salehe


Kibaoni, Ifakara
20 Novemba 1954

Bibi Kadija,

Vyote vimefika. Kitasa cha nyuma nilikuwa nimekwisha kuambiwa, ndiyo.

Umeniuliza, nami nitajibu ninachoweza. Anaishi chumba cha nyuma ya duka, hapa hapa Kibaoni. Duka ni la mchele na chumvi. Anayempikia na kumfulia ni Digna. Watoto hana. Gari anasema ni la abiria, litoke Ifakara mpaka Mngeta na kurudi. Huko mgonjwa bado anabebwa kwa machela, na mama mwenye uchungu anapanda baiskeli ya mumewe. Wiki iliyopita wamemleta mmoja akiwa amekwisha kufa. Alikuwa binamu wa mke wangu. Tangu siku hiyo hata mimi ninalifanyia kazi gari hili Jumapili baada ya misa, na padri amenionya.

Limebaki jambo moja tu, Bibi. Rangi nimepaka, mafuta yamo, tairi zimejazwa. Naomba distributa kabla masika hayajafunga barabara.

Wako,
Fundi Ponsiano


Ilala, Dar es Salaam
20 Desemba 1954

Fundi Ponsiano,

Pole kwa msiba. Mpe mkeo pole zangu.

Hilari alikunywa chai hapa. Sikumuuliza mengi. Alisema yeye hushusha mzigo na kuondoka, lakini safari ya mwisho alimwona tajiri wako akivuka barabara mchana kweupe, na mwanamke amemshika mkono. Nikamuuliza kama huyo ndiye Digna, akasema anadhani hivyo.

Sasa nitaandika wazi, nawe umpe asome kama nilivyoandika. Tajiri wako ni Sadallah bin Kudra. Nimelijua hilo tangu barua yako ya kwanza. Yeye ni mume wangu, na gari unalonunua vipande vyake ni lake mwenyewe, kwa hiyo mchele wote huo amekuwa akijilipa.

Kama ameoa huko, dini inamruhusu, wala sina neno na huyo Digna. Lakini mimi nimekaa bila mume na bila talaka, na sitaki kukaa hivyo tena. Anipe talaka kwa maandishi na mashahidi. Ikifika mkononi mwangu nitampa Hilari distributa siku hiyo hiyo. Isipofika, distributa itabaki ilipo, na watu wa Mngeta watanisamehe.

Kadija binti Salehe


Ifakara
Ijumaa, 21 Januari 1955

Mimi Sadallah bin Kudra, mkazi wa Kibaoni, nikiwa na akili zangu timamu na bila kulazimishwa na mtu, leo baada ya sala ya Ijumaa nimempa mke wangu Kadija binti Salehe talaka moja. Nyumba ya Ilala ni yake, pamoja na vyote vilivyomo na vilivyo uani. Simdai kitu.

Imeandikwa na mwalimu wa msikiti mbele ya mashahidi wawili waliotia sahihi hapa chini. Mwenyewe ametia dole gumba.


Ilala, Dar es Salaam
14 Februari 1955

Fundi Ponsiano,

Karatasi imefika. Distributa anayo Hilari, nimeifunga kwenye kanga ili isigongane na vyuma vingine. Kanga hiyo usiirudishe.

Nilitazamia atakataa, au ataandika maneno mengi. Hakuandika hata moja. Mtu niliyemwona akijaza fomu za leseni kwa mkono wake, na akiwaandikia barua majirani wasiojua kusoma, ameniacha kwa dole gumba. Nimekielewa alichotaka nikielewe.

Nimeanza kukaa eda. Kazi yetu mimi na wewe imekwisha. Ulikuwa mwaminifu kwa mteja wako, sina lawama.

Kadija binti Salehe


Kibaoni, Ifakara
12 Machi 1955

Bibi Kadija,

Injini imewaka. Iliwaka mara ya tatu kupigwa hendeli, ikakohoa, kisha ikatulia, na watu wa Kibaoni wakatoka madukani. Lakini sikuandikii kwa ajili hiyo.

Barua yako ya mwisho nilimsomea kama ninavyomsomea zote. Nilipofika kwenye dole gumba alinyanyuka akaingia ndani, akagonga bega kwenye mwimo wa mlango. Bibi, Sadallah haoni. Alitia dole gumba kwa sababu hawezi tena kuona mahali pa kuandika. Barua zako zote amezijua kwa sauti yangu, na vyuma vyako kwa vidole vyake.

Aliniapisha nisikwambie, nami nilishika ahadi mpaka nilipoona mnaachana kwa jambo ambalo wewe hulijui. Nimemwambia kwamba ninakuandikia. Alikasirika. Hajanizuia.

Ilikuwa hivi. Alipovuka mto kwenda Lupiro alisikia kwamba Mahenge mchele unauzika vizuri, akawa anapanda na kushuka, analala kandokando ya vijito vya huko. Kuna inzi wadogo weusi kwenye vijito hivyo. Macho yakaanza kumwasha, kisha yakaingia ukungu. Alidhani ni vumbi. Aliporudi Ifakara alikuwa anaona mchana tu, na mwaka uliofuata hata mchana akawa haoni. Daktari alimwambia amechelewa.

Digna ni shangazi yangu. Ni mjane mwenye wajukuu, mvi kichwa kizima. Anamshika mkono kuvuka barabara kwa sababu malori hayamngoji. Nilipokuandikia jina lake sikufikiri utalisikiaje. Ningeongeza neno moja tu lingetosha.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asirudi kwake. Akanijibu, "Niliondoka pale ni dereva. Sitarudi kwa kushikwa mkono." Gari alilinunua kabla macho hayajafunga, alitaka kulileta mwenyewe mpaka uani kwako. Baadaye akasema basi aajiriwe dereva, gari lipakie watu wa Mngeta, na kipato chake kiwe kinakuja kwako bila jina. Ulipoomba talaka aliniambia nikamwite mwalimu, kwa kuwa wewe bado kijana na yeye hana haki ya kukufunga.

Mwalimu amenieleza kwamba talaka ni moja, na kwamba kabla ya eda kwisha mambo yanaweza kurudi kwa neno tu. Mimi ni Mkristo, sheria hizo sizijui. Nakueleza nilivyoambiwa.

Posta wanasema magari yao hayatoki wiki hii, kwa hiyo nampa Hilari. Mawingu yamejaa upande wa Kidatu.

Wako,
Ponsiano Likwelile


Kibaoni, Ifakara
28 Mei 1955

Bibi Kadija,

Nilikuandikia mwezi wa tatu, sikupata jibu. Kama kimya ni jibu, nitalipokea hivyo na sitakusumbua tena. Huku maji bado yamekaa barabarani, barua zinapita kwa shida, na Hilari sijamwona tangu alipoondoka. Gari limesimama chini ya banda langu. Naliwasha kila asubuhi lisigande, naye anakuja kulisikiliza.

Ponsiano


Ilala, Dar es Salaam
2 Julai 1955

Fundi Ponsiano,

Barua yako ya mwezi wa tatu imenifikia jana. Ile ya mwezi wa tano ilitangulia kwa posta, nami sikuielewa, nikaiweka. Hilari anasema lori lilizama kwenye matope baada ya Kiberege, wakaliacha, akashikwa na homa akalala kwa ndugu zake mpaka mvua zilipokwisha. Barua ilikuwa chini ya kiti muda wote huo. Imelowa upande mmoja lakini inasomeka.

Eda ilikwisha zamani. Sijui ningefanya nini kama ingefika mapema, na sitaki kudanganya kwamba najua.

Nimeisoma mara nyingi leo. Nimejaribu kumwona akigonga bega mlangoni. Pale nyumbani kwetu alikuwa akitembea gizani bila kugusa kitu.

Mwambie haya. Macho yake kuharibika ni kazi ya Mungu, sina neno. Lakini alipoondoka alijiamulia, aliponyamaza alijiamulia, na aliponiacha alijiamulia pia, kila mara akidhani ananifanyia wema. Mimi sikuulizwa hata mara moja. Nilikaa hapa nikimchukia mwanamke mzee anayemvusha barabara.

Kaka yangu Mbaruku anasema nishukuru nimekuwa huru, na kuna mtu wa Bagamoyo amekwisha kuuliza habari zangu. Sijamjibu.

Kama Sadallah ana neno la kuniambia, aje aliseme kwa mdomo wake. Asikuagize wewe, wala mwalimu. Akija kwa kushikwa mkono au akija kwa kutambaa, mimi sitatazama hilo. Asipokuja, nitampa mtu wa Bagamoyo jibu lake.

Wewe nakushukuru. Uliandika ulipotakiwa kuandika, na mvua si yako.

Kadija binti Salehe


Kibaoni, Ifakara
30 Julai 1955

Bibi Kadija,

Nilimsomea Sadallah mbele ya shangazi Digna, kwa kuwa naye ametajwa. Sadallah alipomaliza kusikia aliniomba nirudie mahali pale pa kuulizwa. Nikarudia. Akasema, "Sikumuuliza kwa sababu nilijua angesema nirudi." Shangazi alikuwa anachambua mchele. Akamwambia bila kuinua kichwa, "Sasa hilo nalo ni sababu?"

Kesho yake alikuja bandani, akazunguka gari lote akilishika, mlango hadi mlango, akaniuliza kama litafika Dar es Salaam. Nikasema mpaka Kilosa sina shaka, baada ya hapo inategemea barabara. Akaniambia, "Basi wewe ndiye utakayeshika usukani, nami nitakaa kushoto kama abiria." Alilisema kwa shida, nami nikajifanya natafuta spana.

Watu wa Mngeta nimewaambia gari linakwenda kujaribiwa. Mzee wao mmoja, Hermenegildi, alitaka kujua kama litarudi. Nilimjibu kwamba hilo liko mikononi mwa watu wawili, na mimi si mmoja wao.

Tutaondoka wiki ya pili ya Agosti, mchanga ukiwa umekauka. Ukisikia honi mbovu mlangoni, ni sisi. Honi ndiyo kitu pekee nilichoshindwa.

Wako,
Ponsiano


Ilala, Dar es Salaam
8 Januari 1956

Fundi Ponsiano,

Nimechelewa kukuandikia, nawe ulipanda treni kurudi bila kujua mambo yaliishaje. Ulifanya vizuri kutokaa. Mtaa mzima ulikuwa umekaa kwa niaba yako.

Ulipoegesha gari na kwenda zako kutafuta chai, nilikuwa nimekwisha kuwaambia watu wasimguse Sadallah. Alifungua mlango mwenyewe, akatafuta chini kwa mguu, akasimama. Amekonda. Alitoa salamu akiwa amegeukia dirisha, mimi nilikuwa mlangoni. Kaka Mbaruku alikuja kutoka Bagamoyo akiwa na maneno mengi ya kusema, na alipomwona akayameza.

Tulikaa barazani, kaka akiwa shahidi. Sadallah akasema amekuja kuniposa upya, na kama nikikataa atarudi Ifakara na gari litafanya kazi iliyokusudiwa. Akaeleza kila kitu toka mwanzo, vijito, ukungu, daktari. Hakujitetea. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamuuliza, "Uliponipa talaka, ulitaka niende?"

Akasema, "Hapana."

"Mbona ulinipa?"

"Uliiomba."

Nikamwambia niliomba kwa mtu niliyedhani anaona. Kisha nikaingia ndani. Kaka alimchukua akalala kwa rafiki yake Kariakoo. Asubuhi Sadallah alirudi, na siku iliyofuata pia. Alikuwa anakaa uani kwenye gari bovu, lile lililobaki mifupa, anafukuza kuku. Siku moja nikampelekea chai huko, akaniuliza kama nimepaka rangi mlango wa jiko, maana ananusa. Nikamjibu ndiyo, ni ya kijani. Tukaanza kuzungumza hapo, habari za rangi, za majirani, nani amekufa, nani ameoa. Ilipofika alasiri nikamtuma mtoto wa jirani akamwite kaka, nimwambie nimeikubali posa.

Tumefunga ndoa mwezi wa kumi. Mahari nilitaja mimi: asiseme wala asinyamaze kwa niaba yangu tena. Mwalimu alisema hiyo si mahari, akaandika msahafu na mkeka. Sadallah aliniambia baadaye kwamba ameisikia ile ya kwanza.

Wajulishe watu wa Mngeta kwamba gari litarudi masika yakiisha, nasi tutakuwamo. Nyumba nitapangisha. Mwambie shangazi Digna nitapenda kumwona uso wake. Dereva msitafute, kwa sababu dereva yupo.

Ni mimi. Usicheke. Tangu mwezi wa kumi na moja ananifundisha, asubuhi, kwenye uwanja ulio nyuma ya msikiti. Wanaume wa mtaa walikuja kutazama na mmoja akampa pole. Yeye anakaa kushoto, kichwa kimeinama kidogo, anasikiliza. Injini ikilia sana anasema, "Sasa," nami nabadilisha gia. Nikikosea anajua kabla yangu. Anajua hata nikishika usukani kwa mkono mmoja, sijui anajuaje. Mwanzoni tuligombana kila siku, na jirani anasema tulisikika mpaka sokoni. Mwezi huu nitakwenda kujaribiwa na polisi, na ofisa amekwisha kuniambia hajawahi kumjaribu mwanamke mwenye buibui. Nimemjibu kwamba gari halijalalamika.

Juzi tulikwenda mpaka Pugu na kurudi, kilima chote kile, na malori ya mkonge yanatupita. Njia nzima hakusema neno. Nikadhani amekasirika, au macho yanamuuma. Tulipoingia uani nikazima injini, nikamuuliza kwa nini amenyamaza.

Akasema hakusikia kosa.

Wako,
Kadija binti Salehe